Kamati ya shule: mwenye nyumba au mlinzi wa lango?

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumzie chombo ambacho kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya serikali anakijua kwa jina, lakini ni wachache wanaojua kilitoka wapi, kina mamlaka gani na kinaishi kwa fedha ya nani. Nazungumzia kamati ya shule ya msingi, na ndugu yake mkubwa, bodi ya shule ya sekondari.

Kamati hii huitwa paa la darasa linapoezuliwa na upepo. Huitwa choo kinapojaa, na madawati yanapokosekana. Lakini mwalimu anapohamishwa katikati ya muhula, kamati hupata habari pamoja na watoto. Vitabu vinapochelewa, kamati haina wa kumuuliza. Je, chombo hiki ni mwenye nyumba, au ni mlinzi wa lango anayeamshwa usiku mvua inaponyesha? Ili tulijibu swali hili kwa haki, hatuna budi kurudi nyuma karibu miaka 100. Nitaitazama Tanzania Bara, maana Zanzibar ina wizara yake na sheria yake ya elimu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliikuta Tanganyika ikiwa na shule chache zilizoachwa na serikali ya Wajerumani, ya Tanga ikiwa maarufu kuliko zote, na shule nyingi zaidi za misheni. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikitazama elimu ya Waafrika, na mapendekezo yake yakazipa serikali za kikoloni mwongozo. Tanganyika ikapata sheria yake ya elimu ya Waafrika mwaka 1927. Kiini cha sheria hiyo kilikuwa kitu kimoja: ruzuku. Misheni iliyokubali kufuata utaratibu wa masomo wa serikali, na kukaguliwa na maofisa wake, ilipewa fedha. Iliyokataa iliachwa ijitegemee. Kukawa na kamati ya kuishauri serikali juu ya elimu, ambamo wamisionari walikaa pamoja na maofisa.

Papo hapo Gavana Donald Cameron alikuwa akiendesha utawala kupitia kwa machifu, na kila utawala wa wenyeji ulikuwa na hazina yake iliyolishwa na sehemu ya kodi. Kutokana na hazina hizo zikazaliwa shule za wenyeji. Hapo mwananchi wa Tanganyika alipata kwa mara ya kwanza shule aliyoweza kusema kwamba imejengwa kwa kodi yake, ingawa namna ya kuiendesha aliamua mkoloni. Watoto wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa na shule zao mbali, na fedha zao mbali. Nchi moja, elimu tatu.

Tukumbuke basi jambo hili la mwanzo, kwa sababu litaturudia mara kwa mara. Tangu siku ya kwanza ruzuku haikuwa sadaka. Ilikuwa kamba. Aliyeipokea alikubali pia kuongozwa.

Uhuru ulipokuja, sheria mpya ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kazi Januari 1962, ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule na kuunganisha mifumo ile mitatu. Jambo la pili la sheria hiyo husemwa mara chache. Iliyafanya mabaraza ya wilaya na ya miji kuwa mamlaka za elimu katika maeneo yao, na ikatoa nafasi kwa bodi na kamati za shule. Baraza la wilaya lilikuwa na shule zake, lilikusanya kodi yake, na serikali kuu ikaongezea ruzuku. Kwa miaka michache ile, mkulima aliyelipa kodi ya kichwa barazani aliweza kumwuliza diwani wake ana kwa ana: fedha yangu ya shule iko wapi?

Mpango huo haukudumu, na tusimtafute mchawi. Mabaraza mengi yalikuwa hoi. Wilaya zenye kahawa au pamba ziliweza kujenga, na zile kame zikabaki nyuma. Mishahara ya walimu ilikuwa ikipanda kuliko makusanyo. Wananchi walidai shule kwa kasi, na Jumuiya ya Wazazi, TAPA, ilikuwa imekwisha kuanzisha shule zake tangu kabla ya uhuru kwa sababu serikali ilishindwa kukidhi kiu hiyo. Kama elimu ingeachwa ifuate utajiri wa kila wilaya, mtoto wa Kilimanjaro na mtoto wa Dodoma wasingekutana kamwe katika mstari mmoja.

Hapo ndipo serikali kuu iliposhika usukani. Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huo Mwalimu Nyerere akatoa maelekezo yake ya Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya uendeshaji wa serikali, ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya dini ya wazazi wake. Mwaka huo huo kodi ya kichwa ya mabaraza ya vijijini ilifutwa, na mabaraza yakapoteza mguu wao mkubwa wa mapato. Mwaka 1972 mabaraza yenyewe ya vijijini yakavunjwa, na ya miji yakafuata muda mfupi baadaye. Mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini yalikwenda mikononi mwa maofisa wa serikali kuu. Mwananchi aliyekuwa na diwani wa kumwuliza akabaki na ofisa wa kumwomba.

Hatusemi kwamba nia ilikuwa mbaya. La hasha. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, mjini Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Umbali wa miaka 15 uendwe kwa miaka mitatu! Serikali haikuwa na fedha hizo, ikageukia nguvu za wananchi. Vijiji vikafyatua tofali, vikakata miti, vikaezeka nyasi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakishika chaki. Kamati za elimu katika serikali za vijiji ndizo zilizopanga zamu za kubeba maji na mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizokaribia kuwaandikisha shuleni watoto wake wote.

Lakini tuangalie kamati zilipewa nini wakati huo. Zilipewa kazi. Hazikupewa fedha, wala kauli juu ya mwalimu, masomo au mitihani. Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, ambayo ndiyo mama wa sheria tulizonazo hata baada ya marekebisho, iliweka kamati kwa shule ya msingi na bodi kwa sekondari, na ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Mamlaka makubwa ilimwachia Waziri na Kamishna wa Elimu. Kamati ikawa mkono wa serikali kijijini badala ya mkono wa kijiji serikalini.

Kisha zikaja siku za dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, mafuta yakapanda bei na hazina ikakauka. Serikali za mitaa zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na zikaanza kazi tena mwaka 1984, zikakabidhiwa shule za msingi ambazo hazikuwa na uwezo wa kuzitunza. Ada ilirudi kwa jina jipya la mchango wa UPE, na sekondari nako ada zikarudishwa. Wasikilizaji wa umri wangu na zaidi wanakumbuka orodha za michango: ya UPE, ya dawati, ya mlinzi, ya mtihani, ya ufagio. Kamati za shule zikawa watoza ushuru. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya deni la baba yake. Ilipofika mwaka 2000, ni karibu watoto 6 tu kati ya kila 10 wa umri wa shule ya msingi waliokuwa darasani. Nchi iliyokuwa mfano ikawa inahurumiwa.

Mwaka 2001 serikali ilifuta mchango huo wa lazima, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo ukurasa muhimu kuliko yote katika historia ya kamati ya shule. Kwa mara ya kwanza kamati ilipewa fedha na akaunti ya benki. Serikali, ikisaidiwa na wahisani na mkopo wa Benki ya Dunia, iliahidi ruzuku ya uendeshaji ya kiasi cha dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kando yake ruzuku ya kujenga madarasa na nyumba za walimu. Kamati ilitakiwa iandae mpango wa shule, inunue, ijenge, itunze hesabu na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo ili hata mpita njia asome.

Matokeo yalionekana. Madarasa yaliota kama uyoga na watoto wakafurika. Lakini penye fedha hapakosi mkono. Ruzuku ilitoka Hazina, ikapita halmashauri, ndipo ifike shuleni, na kila kituo kilikuwa na mahitaji yake. Tafiti za kufuatilia fedha zilizofanywa katika miaka hiyo zilionyesha kwamba shule nyingi zilipata pungufu ya kiasi kilichoahidiwa, tena kwa kuchelewa. Mwenyekiti wa kamati, mkulima au fundi cherehani, alikuwa akisubiri fedha ambayo hakuambiwa ni kiasi gani wala itafika lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari la shule lilikuwepo. Halikuwa na cha kuandika.

Aidha, mwaka 2003 kodi ya maendeleo, mrithi wa ile kodi ya kichwa, ilifutwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana kodi ile ilikuwa na mgambo na mbio za vichakani. Lakini halmashauri zilizidi kuegemea Hazina kwa mishahara ya walimu na karibu kila kitu cha shule. Ndipo miaka michache baadaye, kampeni ya sekondari za kata ilipopamba moto, kamati na bodi ziliporudishiwa kazi yao ya zamani: kuchangisha.

Hatua iliyofuata tunaikumbuka wote. Kwa waraka wa elimu wa Novemba 2015, kuanzia Januari 2016, elimu ya msingi hadi kidato cha nne ikawa bila malipo. Ada ya sekondari ya kutwa ya Sh 20,000 na ya bweni ya Sh 70,000 zikafutwa. Serikali ikaanza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za shule kila mwezi, na hili lilikuwa jema kubwa, kwa kuwa vile vituo vya njiani viliondolewa. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango katika shule za serikali za msingi na sekondari. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa.

Sasa hebu tuchukue kalamu. Mwaka 2016 ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo Sh 4,000 zilibakizwa serikalini kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 zikaenda shuleni. Shule yenye watoto 800 ilipata Sh 4,800,000 kwa mwaka, yaani Sh 400,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na uendeshaji wa ofisi. Ukigawa kwa siku za mwezi, unapata kiasi cha Sh 13,000 kwa siku kwa watoto 800.

Tuzidi kuhesabu. Dola 10 zilipoahidiwa mwanzoni mwa MMEM, dola moja ilibadilishwa kwa chini kidogo ya Sh 1,000, ndiyo maana tukapata Sh 10,000. Mwaka 2016 dola moja ilikwisha kupita Sh 2,000, lakini ruzuku ilikuwa ile ile Sh 10,000. Hakuna waziri aliyesimama Bungeni kutangaza kwamba ruzuku ya mtoto imepunguzwa kwa nusu. Ilipunguzwa na kalenda.

Wengine watauliza: basi kwa nini serikali isiziachie shule zijitafutie? Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine, na inafaa tuitazame bila wivu wala kejeli. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1968 iliyaacha makanisa na mashirika yakiwa wafadhili wa shule walizoanzisha, na hadi leo wafadhili hao wana wajumbe katika bodi. Shule za Harambee zilijengwa na wananchi kwa maelfu, na maeneo yenye nacho yakawa na shule za kuonewa fahari huku maeneo makavu ya kaskazini yakibaki nyuma. Mwaka 2003 Kenya ilifanya elimu ya msingi kuwa bure, ikatoa Sh 1,020 za Kenya kwa kila mtoto kwa mwaka, zikaingia moja kwa moja katika akaunti mbili za shule, moja ya vifaa vya kusomea na moja ya matumizi mengine. Sheria ya mwaka 2013 ikaleta bodi za usimamizi katika kila shule. Lakini walimu ni wa Tume ya kitaifa, na kuanzia mwaka 2018 vitabu hununuliwa kutoka makao makuu. Katiba yao ya mwaka 2010 iliyogawa madaraka kwa kaunti nayo iliziachia kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini tu. Njia mbili tofauti zimefika karibu na kituo kile kile: fedha na mwalimu viko juu, paa na choo viko chini.

Kwa hiyo tunarudi kwenye swali letu. Katika mfumo wetu Wizara ya Elimu ndiyo yenye sera, mitaala na udhibiti wa ubora. Shule zenyewe zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Mwalimu anaajiriwa, anapangiwa kituo na kulipwa na serikali, na nidhamu yake ipo chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, na ndiye anayezijua nyaraka na barua zote. Mwenyekiti aliyechaguliwa na wazazi mara nyingi huona karatasi anapotakiwa kuitia sahihi. Katika mikutano mingi niliyohudhuria kwa kazi yangu ya utangazaji, nimeona mjumbe akiuliza swali moja la fedha, na chumba kizima kikimgeukia kana kwamba ametukana.

Hata hivyo tusiseme kamati ni kivuli. Mwishoni mwa mwaka 2021, serikali ilipopata Sh trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa za kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi sana. Hayakujengwa na makandarasi wakubwa. Kwa sehemu kubwa yalijengwa kwa mafundi wa mtaani, fedha zikipitia akaunti za shule, na wanakamati wakipokea saruji, wakihesabu nondo na kulala eneo la ujenzi. Mtu anayeweza kuaminiwa mamilioni ya saruji hawezi kuwa mjinga wa kuaminiwa mazungumzo juu ya mahudhurio ya mwalimu na mtoto kujua kusoma.

Wapo watakaopinga kwamba kamati ikipewa nguvu itatekwa na wakubwa wa mtaa, na kwamba shule ya wenye uwezo itapaa na ya maskini itazama. Hofu hiyo ina ukweli wake, na historia ya miaka ya 1960 inatuonya. Ndiyo maana fedha ya msingi lazima itoke kwa taifa, kwa kila mtoto sawa, na ipande bei zinapopanda. Lakini fedha kutoka kwa taifa si sababu ya mzazi kunyang'anywa ulimi. Fedha hiyo si ya Waziri. Ni kodi ya muuza mchicha, aliyoilipa katika sabuni, sukari na vocha ya simu. Kodi ya kichwa ilikuwa na risiti, kwa hiyo mlipaji alijua kwamba analipa. Kodi ya leo imejificha ndani ya bei, na mlipaji anadhani shule amepewa bure.

Hapo ndipo lilipo jambo la hatari kuliko uhaba wenyewe wa fedha. Neno bila malipo limewafanya wazazi wengi, hasa sisi wa mijini, tuone kwamba mkutano wa shule hautuhusu. Zamani tulikwenda kwa hasira kwa sababu tulidaiwa michango. Siku hizi hatudaiwi, hatuendi. Mkutano wa wazazi unaitishwa, wanakuja akina mama wachache na wazee wawili, na kamati inapatikana kwa kunyoosha mikono ya watu 20 katika shule ya watoto 1,000. Kisha tunalalamika kwenye daladala.

Ndugu wasikilizaji, kamati ya shule imepewa kazi bila fedha, kisha fedha bila hakika, kisha hakika ya fedha ndogo bila kauli. Kauli haijapata kuletwa na waraka, na haitaletwa. Huanza na mzazi anayeingia uwanjani pa shule, anasimama mbele ya ubao wa matangazo na kuuliza mambo matatu: mwezi huu zimeingia shilingi ngapi, zimetumika kwa nini, na nani ametia sahihi? Kama ubao hauna karatasi, hilo nalo ni jibu, na mkutano ujao aanze na hilo.